Kompyuta ya mtumba na bando dogo: namna ya kuchagua mfumo endeshi huria ukiwa Mwanza

Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinazouzwa Mwanza mjini ni Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizomaliza zamu yao kwenye ofisi za ng'ambo. Ni mashine imara, vipuri vyake vinapatikana, na fundi yeyote anaweza kuzifungua. Shida iko kwenye mfumo uliomo ndani. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa nyingi ya mashine hizi kwa sababu prosesa ni ya zamani au hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na mfumo huo. Nyingine zimewekewa Windows iliyovunjwa kufuli, na mara nyingi programu iliyovunja kufuli ndiyo iliyoleta virusi.

Mfumo endeshi huria ni ule ambao msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuutumia, kuunakili, kuubadili na kumgawia mwenzako. Kumnakilia jirani Linux Mint, mmoja wa mifumo hiyo, kwenye flashi si wizi. Leseni yenyewe inakuruhusu. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, na juu ya kiini hicho watu wamejenga mifumo mamia. Wingi huo ndio unaomchanganya anayeanza. Anauliza "upi ni bora?" kabla ya kujua mashine yake ina nini, atafanyia kazi gani, na bando lake ni GB ngapi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayochagua mfumo.

Ijue mashine kabla ya jina la mfumo

Kama Windows bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Nakili mistari minne kwenye karatasi: System Type, Processor, Installed Physical Memory na BIOS Mode. Ukiona x64 kwenye mstari wa kwanza, mashine ni ya biti 64 na njia zote ziko wazi. Ukiona x86 tupu, huenda prosesa inaweza biti 64 ila Windows iliyowekwa ni ya biti 32, kwa hiyo tafuta namba ya prosesa uhakikishe. Kwa Intel, tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo kizazi: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-8250U ni cha 8.

Mashine ya biti 32 tupu haina maisha marefu tena. Ubuntu na Linux Mint ziliziacha miaka mingi iliyopita, na Debian 13 ya mwaka 2025 haitoi tena kisakinishi chake. antiX bado inazihudumia, lakini kivinjari cha leo kitaielemea mashine hiyo hata mfumo uwe mwepesi kiasi gani. Kama hujainunua, iache dukani.

Sasa RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi (ule mstari wa Installed Physical Memory). Ukiwa na GB 2, chukua antiX au Lubuntu, na ujizoeze kufungua kurasa mbili tatu tu kwa wakati mmoja. Ukiwa na GB 4, chukua Linux Mint toleo la Xfce, lenye eneokazi (menyu na madirisha unayoyaona) jepesi. Ukiwa na GB 8 na kuendelea, chagua unachopenda kati ya Mint Cinnamon, Ubuntu, Fedora na Debian. Usidanganywe na mfumo unaosifiwa kuwa "unatumia MB 300 tu". Kweli utawaka na MB 300, halafu utafungua kivinjari kimoja chenye YouTube na WhatsApp, na hicho peke yake kitadai GB 1 au zaidi.

Kabla ya kuhangaika na mfumo, angalia diski. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, ubofye Disk. Ikiandikwa HDD, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata kabla ya RAM. Hakuna mfumo, wa bure au wa kulipia, utakaoifanya diski ya kuzunguka iliyochoka ifanye kazi haraka. SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye GB 120 hadi 256 inatosha. Kuibadili ni kazi ya dakika 15. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, fungua skrubu za kifuniko kwa bisibisi ndogo ya nyota, kisha telezesha diski kando ili itoke kwenye meno yake. Usiivute kwenda juu. Hamisha kitako cha chuma kutoka diski ya zamani kwenda mpya. SSD nyingi zina unene wa milimita 7 na nafasi za zamani ni milimita 9.5, kwa hiyo ikicheza, weka fremu ndogo ya plastiki au kipande cha karatasi ngumu upande usio na lebo.

Ukiwa umefungua, safisha feni. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kuvamia taa jioni huingia kwenye matundu ya hewa, wakikauka wanashikana na vumbi kuwa kama sufi mbele ya mapezi ya kupoozea. Mashine iliyoziba hivyo hujizima katikati ya kazi kwa joto, na watu wakausingizia mfumo mpya. Ukiongeza RAM, soma maandishi ya kipande kilichomo: PC3L ni ya volti 1.35 na PC3 ni ya 1.5. Mashine nyingi za Intel za kizazi cha 4 zinataka PC3L. RAM mpya zaidi ya DDR4 haiingii kabisa kwenye nafasi ya DDR3 (ndiyo hiyo PC3), usiilazimishe.

Kazi unayoifanya

Kuandika barua na ripoti, kufanya hesabu kwenye majedwali, intaneti, masomo ya chuo, kujifunza kupanga programu, video na muziki: haya yote yanafanyika vizuri. Lakini kama duka linaendeshwa na Tally au QuickBooks ya kusakinisha, au studio inategemea Photoshop, usiifute Windows kwenye mashine hiyo. Kuna programu iitwayo Wine inayojaribu kuendesha programu za Windows, nayo inafanikiwa kwa baadhi tu. Usiikabidhi hesabu za biashara. Tumia mashine ya pili, au weka mifumo miwili kwenye diski moja kama ilivyoelezwa mbele.

Ushauri wetu

Kwa anayeanza, mwenye GB 4 za RAM na SSD, jibu ni Linux Mint Xfce. Menyu iko chini kushoto kama alivyozoea, kivinjari na LibreOffice vimo tayari, na mfululizo wa Mint 22 utapewa masasisho hadi mwaka 2029. Sababu nyingine ni bando: Mint hukuonyesha masasisho ukachagua lini uyapakue, ilhali Ubuntu huanza kupakua ya usalama yenyewe. Firefox ya Mint huja kama pakiti ya kawaida, wakati ya Ubuntu huja kama snap, pakiti inayobeba ndani yake inavyovihitaji, ambayo ni nzito zaidi na huchelewa kufunguka kwenye mashine dhaifu.

Ubuntu, ambayo jina lake ni neno la Kibantu lenye maana ileile ya utu wetu, ni chaguo zuri ukiwa na GB 8 na unasomea kazi za seva, kwa sababu maelekezo mengi ya kozi huandikwa kwa ajili yake. Debian ni mama yao wote wawili. Imetulia sana, ila inakutaka usome zaidi. Fedora hutoa toleo jipya kila miezi 6 na kila toleo huhudumiwa kwa takriban miezi 13, maana yake ni kupakua sana, na bando dogo halistahimili. Arch, mfumo unaoujenga mwenyewe kipande kwa kipande, isubiri mwaka wa pili.

Kali tunaitaja kwa sababu vijana wengi huiomba kwanza. Kali ni sanduku la vifaa vya wapima usalama wa mitandao. Waundaji wake wenyewe wanasema haiwafai wanaoanza Linux. Vingi vya vifaa vyake unaweza kuviweka kwenye Mint au Debian siku utakapovihitaji.

Jambo la mwisho la kupima: mwenzako wa karibu, awe wa darasani Nyegezi au fundi wa mtaani, anatumia upi? Tofauti kati ya Mint na Ubuntu ni ndogo kuliko faida ya kuwa na mtu wa kukaa naye meza moja pale skrini inapokataa kuwaka.

Kupakua bila kupoteza bando

Faili unalolitaka linaishia na .iso. Mint ni karibu GB 3, Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Kisakinishi kidogo cha Debian kiko chini ya GB 1, lakini kinapakua sehemu iliyobaki wakati wa kusakinisha, kwa hiyo hakikuokolei kitu. Tumia bando la usiku, au waifai ya chuo. Kama unaishi Nansio au Sengerema, pakua kila kitu ukiwa mjini, kwani kugundua upungufu ukiwa umesharudi nyumbani ni safari nyingine.

Umeme ukikatika au mtandao ukiyumba, upakuaji wa kawaida wa kivinjari unaweza kuanza upya. Tumia torenti (upakuaji wa vipande vipande kwa programu yake), au, ukiwa kwenye Linux, amri wget -c ikifuatiwa na anwani ya faili, na kazi itaendelea ilipoishia. Ukilibeba faili kwa flashi, jihadhari na fomati: FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hivyo Ubuntu itakataa kunakilika hata flashi ikiwa na nafasi ya GB 30. Ifomati flashi iwe exFAT kwanza.

Kisha hakiki faili. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili lenye mlango wa siri. Kwenye Windows fungua Command Prompt na uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum jina-la-faili.iso. Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ulio kwenye tovuti rasmi ya mfumo huo. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika au limechezewa, lifute. Usikubali faili la kupewa mkononi bila kulihakiki hivi, hata aliyekupa awe ndugu yako.

Flashi

GB 8 zinatosha, na iwe tupu kwa sababu kila kilichomo kitafutika. Flashi bandia ni nyingi: imeandikwa GB 64 lakini ndani kuna GB 8, na ukizidisha inaandika juu ya ulichokwishaandika bila kukwambia. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Wengi wanaosema "kisakinishi kina makosa" shida yao ni hii.

Kuandika tumia Rufus: chagua flashi, chagua faili, acha mipangilio ilivyo, bonyeza Start. Kunakili tu .iso kwenye flashi hakusaidii, mashine haitawaka nayo. Kama huna kompyuta nyingine, simu ya Android yenye OTG (uwezo wa kuchomekwa flashi) inaweza kuandika flashi kwa programu huria iitwayo EtchDroid. Na ukitaka kujaribu mifumo kadhaa, weka Ventoy mara moja, kisha unakili faili za .iso tano sita kama unavyonakili nyimbo. Ukiwasha, utachagua kwenye orodha.

Jaribu kabla ya kufuta chochote

Chomeka flashi, washa mashine huku ukigonga kitufe cha kuchagua chanzo: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Hapa usiharakishe, tumia dakika 15. Je, waifai inaonekana? Sauti inatoka? Kamera, mwangaza wa skrini, kibodi nzima, matundu yote ya USB? Funga kifuniko dakika mbili, ukifungua inaamka? Kisichofanya kazi hapa mara nyingi hakitafanya kazi baada ya kusakinisha pia, na ni bora kujua sasa. Muuzaji akikuruhusu, fanya jaribio hili dukani kabla ya kulipa. Linafichua ubovu mwingi.

Waifai ikikosekana, hasa ya Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huitambua simu kama kadi ya mtandao papo hapo. Kisha fungua Driver Manager na uweke draiva, programu inayoendesha kadi hiyo.

Kusakinisha

Nakili kwanza kazi zako kwenye diski ya nje, na ufungue faili mbili tatu kutoka kwenye nakala uone zinafunguka. Hakikisha LUKU ina uniti na betri imejaa. Kama betri imekufa, tafuta UPS au usubiri saa ambazo mtaani kwenu umeme hautikisiki.

Ukitaka kubaki na Windows pembeni, kuna kazi tatu za kufanya ndani ya Windows kabla. Ya kwanza, zima BitLocker, kufuli la siri la Windows kwenye diski, na usubiri imalize kufungua diski yote. Ya pili, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike powercfg /h off, ili Windows iache kulala nusu-nusu badala ya kuzima. Bila hivyo Linux itakataa kuandika kwenye sehemu ya Windows. Ya tatu, tumia Disk Management kupunguza sehemu ya C kwa angalau GB 50.

Sasa bofya ikoni ya kusakinisha. Lugha na kibodi chagua unavyopenda. Kibodi nyingi za mtumba ni English US, ila zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y. Kama bando ni dogo, usiweke tiki kwenye kodeki za muziki na video, utaziweka siku nyingine kutoka kwenye menyu. Ukifika kwenye aina ya usakinishaji, "Erase disk" inafuta vyote, "alongside" inaweka pembeni ya Windows. Soma ukubwa wa diski iliyotajwa mara mbili kabla ya kubonyeza. Saa za eneo: Dar es Salaam. Kwenye SSD kazi huisha ndani ya nusu saa.

Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka) uangalie kama SATA imewekwa RAID au Intel RST. Ibadili iwe AHCI. Lakini kama Windows inabaki, iwashe kwanza kwenye Safe Mode mara tu baada ya kubadili, la sivyo haitawaka.

Siku ya kwanza

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, usasishe kwa sudo apt update, halafu sudo apt upgrade. Washa Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili uweze kurudi nyuma ukiharibu kitu. Haihifadhi nyaraka zako, hizo zinakili mwenyewe. Kwenye mashine ya GB 4 weka zram-tools (sudo apt install zram-tools), fungua /etc/default/zramswap, andika PERCENT=50, kisha uwashe upya. RAM itabanwa badala ya kujaa, na utaona tofauti ukiwa na kurasa nyingi.

Nyaraka kutoka ofisini zikionekana zimehama mistari, kosa ni la fonti. Weka fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, ambazo upana wa herufi zake ni sawa na Calibri na Cambria, na kurasa zitatulia. LibreOffice ina pia kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, iliyozungumza Kiswahili menyu nzima. Kazi hiyo bado inahitaji mikono, na tafsiri ni mlango wa mchango kwa asiyejua kupanga programu.

Yanayoharibika, na kwa nini

Skrini nyeusi baada ya kuchagua Mint: draiva ya picha haijakubaliana na kadi. Chagua "compatibility mode" kwenye menyu ya flashi. Ikitokea baada ya kusakinisha, bonyeza e kwenye menyu ya GRUB, inayokuja mashine ikiwaka, badala ya quiet splash andika nomodeset, kisha F10.

Saa inaruka masaa matatu kila ukitoka Linux kwenda Windows: Linux huandika kwenye saa ya mashine muda wa UTC (saa ya kimataifa), Windows husoma humo muda wa hapa, nasi tuko mbele ya UTC kwa saa 3 kamili. Andika timedatectl set-local-rtc 1 na itaisha.

Tovuti zote zinadai si salama, na apt inakataa ikisema faili "is not valid yet": tarehe imerudi nyuma. Betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032, imekufa. Ni kipande cha bei ndogo kwa fundi wa saa. Ukishaibadili, weka tarehe upya.

Umeme umekatika katikati ya kusasisha: washa, fungua terminali, andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Mara nyingi mfumo unapona bila kusakinisha upya.

Mashine inaenda Windows moja kwa moja: ingia BIOS, kwenye mpangilio wa kuwaka ipandishe ubuntu juu ya Windows Boot Manager. Mint nayo hujiandikisha kwa jina hilo la ubuntu, usishangae.

Kwa mpenda majaribio

Haiku, inayofufua mfumo wa zamani wa BeOS, inawaka kwa sekunde chache na inafurahisha kuichunguza. FreeBSD si Linux kabisa, na itakufundisha namna mfumo unavyopangwa kwa unadhifu. ReactOS inajaribu kuiga Windows na bado ni changa, usiiwekee kazi. Zijaribu zote ndani ya VirtualBox kama una GB 8, na kazi zako zitabaki salama.

Ila jaribio lenye faida kubwa kwa kundi la watu wenye bando dogo ni hili: chukua mashine ya tatu iliyolala kabatini, weka Debian bila eneokazi, kisha sudo apt install apt-cacher-ng. Ipe anwani isiyobadilika kwenye ruta, tuseme 192.168.1.10. Kwenye kila kompyuta nyingine ya Mint tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mstari mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kompyuta ya kwanza ikisasisha, pakiti zinapita kwenye mashine hiyo na kubaki humo. Ya pili hadi ya kumi zinachukua palepale nyumbani, bila kugusa bando. Mtu mmoja analipia GB 1, na watu kumi wanasasisha.